Mpe Kazi Kwanza, Kisha Mpe Kisu



Mama mmoja wa Kisauni ametuletea barua niliyoisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Mwanawe ametimiza miaka 14. Mjomba wa kijana huyo ni baharia, na kila arudipo safari humletea mpwawe kisu cha kukunja. Sasa visu vimefika 7, vimepangwa ndani ya mkebe wa biskuti juu ya kipande cha kitambaa, na kijana huvifuta na kuvitia mafuta kila Jumapili. Kila kimoja anakijua kilikotoka. Hadi hapo mama hakuwa na neno. Lililomkosesha usingizi ni kwamba tangu Ramadhani iliyopita kijana ameanza kukitia kimoja mfukoni kila atokapo nyumbani, na akiulizwa cha nini, hujibu kwamba ndivyo wafanyavyo wapenzi wa visu duniani kote. Mama anataka kujua iwapo avichukue vyote akavitose baharini, au amwachie mwanawe furaha yake.

Hofu yake ina msingi. Sisi tunaoishi Mombasa tumeona katika miaka hii vijana wa rika la mwanawe wakivamia watu kwa mapanga na visu mchana kweupe. Mzazi anayekuta kisu mfukoni mwa mtoto na moyo usimshtuke, huyo ndiye wa kushangaza. Lakini kijana naye hakusema uongo. Wako watu wengi, wakulima, walimu, mafundi, wazee waliostaafu, ambao hukusanya visu vya kukunja vya jadi na kutembea na kimoja kila siku kama mwingine atembeavyo na saa au tasbihi. Basi kabla ya kumjibu mama, natuangalie kwanza kilichomo ndani ya mkebe ule.

Kisu cha kukunja cha jadi ni kitu kidogo. Kengee yake, yaani chuma chenyewe mbali na mpini, mara nyingi haizidi urefu wa kidole cha kati. Hukunjwa ikalala ndani ya mpini wa mbao, pembe au shaba, na hufunguliwa polepole kwa mikono miwili. Hakifyatuki kwa kubonyezwa kidude. Vile vya kufyatuka ni ukoo mwingine, na mama akikuta kimoja ndani ya mkebe akitoe leo hii bila mjadala.

Mojawapo ya njia zilizokifikisha kisu hiki mfukoni ni kalamu. Waingereza hata sasa kisu kidogo cha kukunja hukiita kisu cha kalamu, ingawa ni zaidi ya miaka 100 tangu walipoacha kuandika kwa unyoya wa bata bukini uliohitaji kuchongwa kila mara. Kwa ndugu zetu wa Istanbul, zama za dola ya Uthmaniya, kisu cha kuchongea kalamu ya mwanzi kilikuwa na jina lake, kalemtıraş, na mafundi wake maalumu waliopiga mihuri ya majina yao juu ya chuma. Hakikuwa cha kukunja, lakini kazi ilikuwa ile ile. Khattati aliilaza kalamu juu ya kibao kidogo cha pembe ya ndovu akaikata ncha kwa mshazari alioupima kwa jicho, kwani ncha ikikatwa vibaya hakuna herufi itakayonyooka. Visu hivyo leo vimo katika majumba ya makumbusho, navyo ni vizuri mno kutazama.

Wala hatuna haja ya kwenda Istanbul. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika katika karne za 18 na 19 kwa waandishi wa misahafu, na vilevile kwa mafundi wa ngozi, mbao na chuma. Aliyenakili kwa mkono juzuu zote 30 aliichonga upya kalamu yake mara ngapi? Kisu kilikaa ubavuni mwa wino.

Mfano ulionikaa zaidi moyoni, hata hivyo, uko mbali nasi, katika mji wa Miki karibu na Kobe, nchini Japani. Miki ni mji wa wahunzi tangu karne ya 16, ulipobomolewa na vita kisha ukajengwa upya kwa mikono ya maseremala na wafua chuma. Kazi yao kubwa ilikuwa zana za useremala. Mwaka wa 1876 serikali ya Japani iliwapiga marufuku masamurai kutembea na panga hadharani. Miaka isiyofika 25 baadaye, katika miaka ya 1890, mafundi wa Miki wakaanza kutengeneza kisu kidogo cha kukunja walichokiita higonokami, maana yake Bwana wa Higo, jina la jimbo la kale ambalo leo ni Kumamoto.

Jina ni la kibwana, ila kisu chenyewe ni cha kimaskini. Mpini ni bamba moja la chuma au shaba lililokunjwa kama karatasi. Hakina kamani wala kufuli. Kengee imeshikizwa kwa msumari mmoja, nayo ina mkia mdogo unaochomoza nyuma. Mtumiaji huukandamiza kwa kidole gumba ili kisu kisijifunge wakati wa kukata. Kidole kikilegea, kisu nacho hulegea. Vile vilivyo bora vina chuma cha pua kigumu katikati, kimevikwa chuma laini pande mbili, ndiyo maana hunoleka vyema na hudumu.

Wenye kukibeba kisu hiki walikuwa watoto wa shule. Kilikaa pamoja na penseli, kwa sababu penseli ndizo zilizokuwa kazi yake. Baada ya masomo walikitumia kuchonga mianzi wakatengeneza vidude vya kurusha hewani. Watoto walijikata vidole, bila shaka, wakafungwa vitambaa, wakarudi tena kuchonga.

Kisha ikaja tarehe 12 Oktoba 1960. Inejiro Asanuma, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti, alikuwa akihutubia jukwaani Tokyo mbele ya kamera za televisheni pale kijana wa miaka 17 alipomrukia na kumchoma hadi kufa. Silaha ilikuwa upanga mfupi wa kale, wala haikuwa higonokami. Lakini nchi nzima iliingiwa na hofu, na kampeni ya kutowapa watoto vitu vyenye makali ikaenea shuleni na majumbani. Kisu kikatoka kwenye mikoba, kikaingia kichongeo. Mafundi waliokuwa makumi wakaacha mmoja baada ya mwingine, na leo jina la higonokami limebaki kwa karakana moja tu ya ukoo wa Nagao, ambayo kazi yake hununuliwa pia na wakusanyaji wa nchi za nje, pengine na mabaharia wenye wapwa.

Wazazi wale wa Japani siwalaumu. Ningekuwa na mtoto katika nchi ile mwaka ule, huenda nami ningekitoa mkobani. Lakini natazama kilichokwenda pamoja nacho: mkono wa mtoto uliojua kukata kitu bila kukata kidole, na subira ya kuchonga penseli kwa dakika 5 bila kuivunja. Vitu hivyo havifundishwi na kichongeo.

Sasa nitazame upande wa pili. Inawezekana mkebe wa kijana wetu una kisu kiitwacho Okapi. Kilianza kutengenezwa mwaka wa 1902 huko Solingen, Ujerumani, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka mmoja tu kabla. Tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kwenye mpini wake wa mbao kuna nakshi za mwezi na nyota. Dada zangu wasije wakadhani ni alama ya Uislamu, ni pambo la kiwanda. Ni kisu rahisi cha mtu wa kazi, cha kukatia kamba, ngozi na matunda. Lakini katika mitaa ya Afrika Kusini, na hata ng'ambo ya bahari huko Jamaika, Okapi kilipata jina baya. Kilikuwa kisu cha mhuni. Mkulima alikuwa nacho na jambazi alikuwa nacho, na ukiviweka viwili hivyo mezani huwezi kuvitofautisha.

Hapo ndipo ninapoliona jibu la barua. Mtoto wa Miki alikuwa na penseli kwanza, ndipo akapewa kisu, na kila alipokifungua palikuwa na jambo la kufanya. Kijana wa mtaani alipata kisu kwanza. Kisu kisicho na kazi hutafutiwa kazi, na kazi iliyo karibu zaidi na kijana asiye na shughuli ni kuwatisha wenzake, au kujitisha mwenyewe hadi ajione hawezi kutoka nje bila chuma. Kwa hivyo swali la kumwuliza mwanao, mama, si la idadi ya visu alivyo navyo. Muulize leo kisu hiki kimekata nini.

Wazee wetu walisema mtoto akililia wembe mpe. Ni maneno ya mtoto aliye nyumbani, ambaye wembe utamkata kidole chake mwenyewe na somo litamwingia. Barabarani hakatwi peke yake.

Basi usivitose baharini. Kutupa mali ni israfu, na zawadi ya mjomba ikitupwa huacha donda kwa mjomba na kwa mpwa. Uchukue mkebe uuhamishie jikoni. Nani katika nyumba ana elimu ya kisu kuliko wewe? Tangu alfajiri unakata vitunguu, unapaa samaki, unamenya viazi, na mtoto mdogo ameshika kanga yako, wala kidole hakitoki damu. Mwanao anajua historia ya visu 7 lakini pengine hajawahi kumenya chungwa kwa duara moja bila ganda kukatika. Mpe maembe mabichi ya achari, ndoo nzima. Mpe ukindu wa bibi yake aukate sawasawa. Awachongee wadogo zake penseli zote za wiki kwa kisu, na kichongeo kiwekwe kabatini. Baada ya mwezi utajua kama anapenda visu au anapenda kuonekana navyo.

Anayedhani kwamba mambo ya visu ni ya wanaume peke yao namkumbusha Karl Elsener, Mswisi aliyefungua karakana yake mwaka wa 1884 na akakaribia kufilisika kwa ajili ya visu vya kukunja vya wanajeshi. Mama yake, Victoria, alikuwa na duka la kofia, naye alimsaidia mwanawe. Alipofariki mwaka wa 1909, Karl alikipa kiwanda jina la mama yake, na mwaka wa 1921, walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, kiitwacho kwa Kifaransa inox, jina likawa Victorinox. Mamilioni ya watu wana jina la mama huyo mfukoni bila kujua.

Pamoja na kazi, mfundishe adabu, na hapa dini yetu haikutuacha gizani. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru wapitao misikitini na masokoni na mishale waishike kwenye ncha zake ili isimdhuru Muislamu. Alikataza kupeana upanga uliochomolewa alani. Alitukanya tusimwelekezee ndugu yetu chuma, hata kwa mzaha, hata awe ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Katika mafunzo hayo kijana wa miaka 14 anapata sheria zote za kisu chake: hukikunja kabla ya kumpa mtu, na kisichokunjika humpa kwa upande wa mpini, hatembei nacho kimefunguliwa, hakichezei mbele ya wenzake, hukata huku ameketi, makali yakienda mbali na mwili. Mdogo wake akitamani naye, wako mafundi wanaofikiria watoto. Kampuni ya Opinel ya Savoie, Ufaransa, ambayo mwanzilishi wake Joseph Opinel alitengeneza kisu chake cha kwanza mwaka wa 1890 akiwa kijana wa miaka 18, ina kisu cha watoto chenye ncha ya mviringo. Kinakata tufaha lakini hakichomi.

Kuhusu kubeba kila siku, nitasema wazi ingawa kijana hatapenda. Katika umri wake na katika mji huu, kisu kisivuke kizingiti cha mlango bila kazi inayojulikana na bila mtu mzima. Akienda kuvua na mjomba, sawa. Akienda shamba, sawa. Shuleni, ndani ya matatu, uwanja wa mpira, maulidini, harusini, hapana. Askari akimpekua hatauliza habari za Miki wala Solingen, na kijana atakosa la kujibu. Wapenzi wa visu wa nchi nyingine anaowaiga nao wana mipaka. Uingereza, sheria ya mwaka wa 1988 inamruhusu mtu kutembea hadharani bila kutoa sababu na kisu cha kukunja tu ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na ambacho hakina kufuli. Opinel kubwa yenye pete ya kufungia chuma, iliyoongezwa mwaka wa 1955, tayari iko nje ya ruhusa hiyo. Wazazi wenye watoto wanaokwenda kusoma huko wawaambie mapema. Japani yenyewe, kubeba makali yanayozidi sentimita 6 pasipo sababu ya haki ni kosa, isipokuwa kwa aina chache.

Kuna jambo la upande ambalo kijana atalifurahia. Huko Ulaya, mtu akipewa kisu zawadi humrudishia mtoaji sarafu moja, ili ionekane amekinunua na makali yasikate urafiki. Sisi hatuamini mikosi. Lakini kijana akimpa mjomba shilingi 10 na kikombe cha kahawa kila aletewapo kisu, sioni ubaya, mradi asidhani sarafu ndiyo inayolinda undugu.

Utunzaji wa visu hivi pwani una taabu zake, na mama atafanya vyema kumwachia kijana taabu hiyo yote. Visu vya jadi vingi ni vya chuma kinachoshika kutu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Baada ya kukata ndimu au embe chuma hugeuka cheusi. Hilo si ugonjwa, ni ngozi inayojijenga, na wakusanyaji huipenda. Wekundu wa kutu ndio wa kuogopwa. Kikaushwe papo hapo, kipakwe tone la mafuta ya cherehani, na kisilazwe ndani ya mfuko wa ngozi kwa miezi, kwani ngozi huvuta unyevu. Mpini wa mbao huvimba wakati wa masika hadi kengee ikakataa kutoka. Watu wa Savoie hupiga kitako cha mpini juu ya meza, kengee ikachomoza kidogo, wakaivuta, kucha zitapona.

Anoe mwenyewe, kwa kinoo na maji, taratibu, asikipeleke kwenye cherehe ya fundi wa mtaani inayokula chuma na kukiunguza. Na asiache kisu kiwe butu kwa kudhani ndiyo salama. Kisu butu hulazimisha mkono utumie nguvu, kikateleza, na hapo ndipo vidole huumia. Sisi tulioamrishwa kunoa kisu ili mnyama asiteseke tunajua thamani ya makali.

Idadi nayo iangaliwe. Saba vinatosha kwa mtoto asiye na kipato. Mjomba akileta cha 8, kijana achague kimoja ampe binamu, baada ya kumfundisha aliyofundishwa yeye.

La mwisho ni kwa mjomba mwenyewe, na kwa kila familia inayojiandaa kwa Umra. Kisu cha mfukoni, hata kiwe kidogo na cha baba yako marehemu, hakiingii ndani ya ndege pamoja na abiria. Tangu mashambulizi ya Septemba 2001 huko Marekani ukaguzi umekuwa mkali, na kisu kinachonaswa kwenye mashine ya uwanjani kwa kawaida hakirudi kwa mwenyewe. Kikunjwe, kifungwe ndani ya kitambaa, kitiwe kwenye sanduku la kupakiwa chini usiku wa kuamkia safari, na mifuko ya koti ipekuliwe nyumbani.